Talaka Yenye Mistari Miwili

Kurui, Kisarawe
6 Februari 1977

Kwa mwanangu Isihaka,

Salamu zangu zikukute hapo Kibaha mzima, wewe na mke wako Sikudhani na huyo mgeni aliye tumboni. Mimi mama yako sijambo, ila miguu inaniwaka usiku, mchana naivumilia. Mjomba wako Saburi hajambo, kikohozi kimepungua, maneno hayajapungua. Dada yako Mwanaamina hajambo kwa mwili. Mwanawe Zena hajambo, siku hizi anaongea kama mkunga. Mwalimu Benedikta anayetufundisha kisomo hajambo, anakusalimu ingawa hamjaonana. Kaburi la baba yako tumelipalilia, naye nadhani hajambo huko aliko. Mbuzi mweupe amekufa. Wengine hawajambo.

Sasa mwanangu, barua yako imefika na nimeisoma mwenyewe, sikumwita mtu. Umeandika kwamba mahari ya kumrudishia Matano ili amwache dada yako umeitia humo humo ndani ya bahasha. Nimeikung'uta ile bahasha mpaka imechanika. Pesa hamna. Kuna karatasi moja ngumu ya rangi ya majani mabichi, ina jina la Matano kwa mwandiko wako, ina maneno ya Kizungu, na juu yake kuna mistari miwili imeshuka upande, kama mtu aliyekata.

Hiyo mistari ndiyo imenitoa usingizi. Kwenye kisomo Mwalimu Benedikta akikuta nimekosea hupiga mstari mmoja. Wewe umepiga miwili. Nikasema, mwanangu ameandika kwa moyo mweupe, kisha akakaa akafikiri, akaona dada yake ameolewa na avumilie kama wenziwe, akakata. Halafu akaona haya kutuma bahasha tupu. Kama ndivyo sikulaumu, una mke na mtoto anakuja. Lakini niambie kwa maneno, baba, usiniambie kwa mistari.

Maana Matano hajabadilika. Alilosema mbele ya Shehe wa Marui ndilo analosema hadi leo: mahari yangu irudi mkononi mwangu, na talaka itoke mdomoni mwangu. La sivyo masika yakianza mke wangu arudi kulima kwangu. Na wewe unajua dada yako alivyokuja kwetu safari ile, taya limevimba, anakunywa uji kwa upande mmoja. Mwanaamina ameitazama hiyo karatasi akaniuliza, "Mama, hii ni ndiyo au ni siyo?" Nikamwambia ngoja kaka yako aseme.

Basi nijibu upesi, maana mawingu ya masika nayaona.

Mimi mama yako,
Mwamvita

*

Kibaha
17 Februari 1977

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, Sikudhani hajambo ila kila kitu kinamnukia vibaya, hata sabuni. Mjomba shikamoo yake, Mwanaamina na Zena nawasalimu, na Mwalimu Benedikta mwambie nashukuru, mwandiko wako umenyooka kuliko wangu.

Mama, usilie. Sijakata kitu. Hiyo karatasi inaitwa hundi, wengine husema cheki. Mishahara yetu hapa shamba la kuku siku hizi inapita benki, nami nimepewa kitabu cha hundi. Karatasi hiyo inaiambia benki: mpeni Matano pesa yangu, kiasi hiki. Na ile mistari miwili si ya kosa, ni kufuli. Nimeipiga ili mwizi wa njiani akiiokota asiweze kuila. Mwenye jina ndiye mwenye ufunguo.

Didas, karani wetu wa mishahara, alinicheka. Alisema, "Isihaka, hundi ni mambo ya wazee. Siku hizi pesa inapigwa simu. Unaitoa posta hapa, waya unalia ti-ti-ti, na kule inatoka." Nikamwambia waya hauna sahihi. Matano ni mtu wa kukana. Nataka apewe kitu chenye jina lake na mkono wangu, asije akasimama kesho akasema hakupewa.

Kwa hiyo nenda na mjomba. Mpeni mbele ya Shehe, mbele ya watu. Karatasi hiyo ni pesa, mama. Niamini.

Mwanao,
Isihaka

*

Kurui
13 Machi 1977

Kwa mwanangu Isihaka,

Pokea salamu za furaha leo. Nyumbani wote wazima, hata miguu yangu imesahau kuwaka. Sikudhani mwambie anuse ndimu.

Ijumaa tulikwenda Marui, mimi na mjomba wako na Mwanaamina. Baada ya sala Matano alikuwa barazani kwa Shehe na ndugu zake wamejazana kama wanaongoja pilau. Mwanaamina aliingia ndani kwa wanawake, nyuma ya pazia. Mjomba akatoa hundi. Matano akaipokea kwa vidole viwili kama anashika panya.

"Mama mkwe," akasema, "mimi nilikuja kwenu na noti, na kanga, na mkaja wako wewe mwenyewe. Leo mnanirudishia barua?"

Kaka yake akadakia, "Ndiyo maana inaitwa cheki. Ni ya kuchekwa."

Wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kidogo, kwa woga. Mjomba hakucheka. Akamwambia, "Soma jina." Matano akasoma kimoyomoyo. Kisha akasoma kwa sauti: Matano Kibwana. Akasoma tena. Mwanangu, uso ule ulilainika nikauona. Akaipitisha kwa ndugu zake, kila mmoja akalitazama jina, hata yule kaka wa kucheka. Shehe akauliza, "Umepokea?" Akasema, "Nimepokea." Papo hapo akatamka, nimemwacha Mwanaamina, sina naye tena. Shehe akaandika, Matano akatia sahihi, mashahidi wakatia vidole. Mwanaamina alitoka nyuma ya pazia, nikamfunga kanga yangu ya pili. Ameanza eda siku hiyo hiyo.

Sasa nikwambie nilivyofanya akili. Talaka tunayo sisi, na nyumba yetu haina mlango wa maana. Nikafikiri, ikiibiwa je? Nikachukua kalamu ya kisomo, nikaweka ukingo wa mwiko ili nisikosee, nikaipiga talaka mistari miwili, mizuri, imeshuka upande kama ile yako. Sasa hata akiikwapua mtu haimfai, ni ya mwenye jina. Mwanaamina akaniuliza, "Mama, una hakika?" Nikamwambia kaka yako ndiye aliyenifundisha.

Niandikie upesi kama nimeipiga sawa, au ilitakiwa wino mwekundu.

Mama yako mwenye furaha,
Mwamvita

*

Kibaha
29 Machi 1977

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Naandika mbio mbio, nimemkuta dereva wa lori anayeshuka Kisarawe.

Hiyo talaka ifiche. Usimwonyeshe mtu. Mistari miwili ni kufuli kwenye hundi peke yake, mama. Kwenye karatasi nyingine yoyote ni vile vile anavyosema Mwalimu Benedikta. Kosa ni langu, sikukueleza vizuri.

Na jingine. Matano amekuja hapa Kibaha. Nilikuwa stoo napima pumba za kuku nikamwona amesimama mlangoni, kofia mkononi, hundi ndani ya kofia.

"Shemeji, karatasi yako imekataliwa."

"Nani kaikataa?"

"Yule binti wa benki. Ameniuliza namba ya akaunti yangu. Nikamwambia sina akaunti, nina jina, hili hapa. Akaniambia mistari hii inasema pesa ipite kwenye akaunti tu, siwezi kupewa mkononi. Mstari umenifungia nje, shemeji!"

Ni kweli, mama. Nilifunga kufuli nikasahau kwamba Matano hana ufunguo. Nikamwambia afungue akaunti. Akasema wanataka picha na mdhamini, na yeye hajapigwa picha tangu azaliwe. Nikamwambia basi nirudishie hundi, nikupelekee pesa kwa simu. Akairudisha kichwani pamoja na kofia. "Nikikupa hii nitabaki na nini mkononi? Mke nimeshampoteza, karatasi nayo niitoe?"

Akaondoka kwa hasira akisema: kama hundi si pesa, basi talaka si talaka.

Kaa kimya, mama, mpaka nijue la kufanya.

Isihaka wako

*

Kurui
24 Aprili 1977

Isihaka mwanangu,

Salamu naandika kwa mkono mzito. Zena ana mafua. Mjomba wako hajambo ila hasemi nami tangu Jumatano. Mwanaamina anashinda shambani kwenye mihogo, hata mvua ikinyesha harudi.

Barua yako ilinikuta nimeshachelewa. Matano alikuja hapa na ndugu zake, na matope mpaka magotini, anataka mke. Mjomba akamwambia mke gani, wewe si umeacha? Akasema, "Niliacha kwa pesa. Pesa iko wapi? Onyesheni pesa." Mjomba kwa hasira akaniambia, "Dada, lete talaka, tumzibe mdomo."

Nikasema iko mbali. Akasema mbali wapi, ndani ya nyumba hii? Nikasema sioni vizuri leo. Akaingia mwenyewe akaitoa chini ya mkeka.

Mwanangu, usiombe. Aliifungua mbele ya watu. Kaka yake Matano akaichungulia, akapiga makofi, "Tazameni! Mama mkwe ameikata mwenyewe! Hakutaka binti yake aachwe!" Wakaniita mkwe wa kupigiwa mfano. Mmoja akasema hata mama yake mzazi asingempenda Matano hivi. Mjomba akanigeukia, "Nani kafanya hivi?" Nikasema ni kufuli. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyocheka, na nilipofika kwenye mwiko hata mimi nikaona haina maana.

Mwalimu Benedikta aliitwa. Maskini alitaka kunisaidia, akasema huenda ni pambo. Shehe naye akaitwa. Akaigeuza karatasi, akaitazama juani, akasema jambo hili hajalikuta, anakwenda Maneromango kwa mwalimu wake akaulize. Mpaka arudi, Mwanaamina asirudi kwa Matano wala asihesabiwe kuwa ameachwa.

Sasa ni nini huyo? Nimemwambia mjomba, hata mbuzi akifungwa kamba yuko upande mmoja wa mti. Mwanaamina eda yake anaihesabu au haihesabu? Nimejaribu kufuta mistari kwa tonge la ugali mkavu, imefutika kidogo na alama ya kidole ya shahidi mmoja imekwenda nayo. Nimeacha.

Na hebu niambie. Huo waya wa Didas, pesa inapopita humo, nani anaishuhudia? Ikikutana na nyingine njiani zinapishanaje? Na tukimpa Matano pesa ya waya ilhali hundi anayo kofiani, si atakula mara mbili? Na tukimnyang'anya hundi, si atasema mahari mmeichukua tena? Kila ninapogeuka nakuta karatasi.

Sikulaumu. Lakini usinifundishe kitu kingine mpaka uje mwenyewe. Jibu haraka.

Mama yako,
Mwamvita

*

Kibaha
5 Mei 1977

Mama yangu,

Shikamoo, na mjomba shikamoo, na umwambie ugomvi wake auelekeze kwangu.

Nimefanya hivi. Kwanza nimekwenda benki nikaizuia ile hundi. Maana yake hata Matano akifungua akaunti kesho, hailipwi. Haiwezi kuliwa mara mbili wala mara moja. Pili nimetoa pesa yote, nikaenda posta, nikaipiga kwa simu. Nimesimama pale kaunta nimwone karani wa posta anavyofanya. Alipokea noti zangu akazitia kwenye droo. Kisha akagonga ti-ti-ti. Nikamwuliza, mbona noti bado ziko hapa? Akanitazama kama mtoto. Akasema, "Ndugu, noti hazisafiri. Linalosafiri ni neno."

Sikuelewa sana, mama, lakini nakuandikia alivyosema.

Mjomba aende posta Kisarawe na kitambulisho chake cha chama, pesa iko kwa jina lake. Atapewa noti taslimu. Mpeni Matano noti, mkononi, mbele ya Shehe, azihesabu hadharani. Siandiki hundi tena kwa mambo ya watu. Didas amefurahi sana, ananiita mzee wa hundi.

Mwanaamina mwambie namwomba radhi.

Mwanao,
Isihaka

*

Kurui
10 Julai 1977

Kwa mwanangu Isihaka,

Salamu kwako, kwa Sikudhani, na kwa mtoto wa kiume niliyesikia amezaliwa, Mungu amkuze. Huku mjomba wako hajambo na tunasemezana. Mwalimu Benedikta hajambo. Miguu inawaka kama kawaida. Wawili waliobaki nitakueleza mwisho.

Unisamehe kwa kimya hiki chote. Barabara ilikatika, Shehe akakwama Maneromango, na noti za posta nilizilalia mimi chini ya godoro kila siku nikizipapasa. Ijumaa iliyopita ndipo tukakaa. Safari hii hapa hapa kwetu, maana nilisema Marui siendi tena kuchekwa.

Mjomba akaweka noti kwenye mkeka. Matano akazihesabu, akazirudia, akazitia mfukoni. Nikavuta pumzi. Kumbe mapema. Akasema, "Sasa nimelipwa. Basi naacha leo, na eda ianze leo."

Shehe akasema aliambiwa Maneromango kwamba talaka ni neno, karatasi ni shahidi tu, na shahidi akichorwa mistari neno halichoriki. Matano akasema, "Neno langu nililitoa kwa bei, Shehe, na bei sikuipata siku ile. Mtu akiuza ng'ombe kwa noti mbovu, ng'ombe si bado wake?" Watu wakanung'unika, wengine wakaona ana hoja. Hata mimi, mwanangu, nilisikia ana hoja, kisha nikasikia hana, kichwa kikawa kama mtungi unaotikiswa. Shehe akashika ndevu.

Hapo Mwanaamina akatoka ndani. Hakuitwa. Alikuwa amekuja na unga mikononi, akasimama ukingoni mwa mkeka.

"Mimi si ng'ombe," akasema. "Na siku ile hukusoma bei, ulisoma jina lako. Ulisoma mara mbili, ukafurahi, ukaniacha. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nilisikia. Tangu siku ile nahesabu, na nimeshamaliza. Deni alikuwa nalo kaka yangu, na leo kalilipa. Mimi sikuwa deni."

Matano akasema, "Shehe, mwanamke anasema barazani?"

Shehe akamjibu, "Anasema vizuri kuliko sisi." Akatangaza neno ni la siku ile, na deni lilikuwa deni, limekwisha. Mjomba akamwomba Matano ile hundi. Akakataa kabisa. Akasema, "Mmesema imekufa. Niachieni maiti yangu." Akaondoka nayo kofiani, na nikamhurumia, Mungu anisamehe.

Mwanangu, nimekaa nafikiri tangu siku hiyo na bado sijui Matano alilipwa na nini. Hundi haikumpa kitu, lakini ndiyo iliyomfanya atamke. Noti zimempa kila kitu, lakini zilikuta keshatamka. Na hizo noti zenyewe si zako, zako zilibaki kwenye droo ya Kibaha. Mwalimu Benedikta amenieleza, nikaelewa wakati anaeleza, aliponyamaza nikawa sielewi. Usinielezee na wewe.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mwanaamina ameondoka leo asubuhi na Zena, wanakuja kwako. Alisema Sikudhani ana mtoto mchanga na hana mtu wa kumkanda kwa maji moto, na yeye anataka kuona mahali ambapo hajulikani ni mke wa nani. Nikamwambia ngoja nimwandikie kaka yako kwanza ajue. Akasema, "Andika, mama, lakini sisubiri jibu." Nikataka aichukue barua hii mkononi. Akasema barua iende posta, yeye atasema mwenyewe kwa kinywa chake. Nikampa talaka aiweke kifuani, njiani kuna watu. Ameisukuma, akasema itunze wewe. Amechukua kanga zake, unga wa muhogo, na Zena mgongoni.

Kwa hiyo sijui. Huenda barua hii ikafika yeye amekwisha kupika kwako. Huenda ikafika, yeye bado, na wewe ndiyo kwanza unasikia. Kama bado, toka ukamtazame hapo Mlandizi atakapopitia, amevaa kanga ya bluu, anatembea upesi na hageuki nyuma.

Usiniandikie mengi. Niandikie tu amefika. Ila andika leo leo.

Mama yenu,
Mwamvita